Mbwembwe za Namba Kwenye Kioo cha Simu

Tovuti nyingi za mashirika, vyuo na kampuni za ujenzi siku hizi zina ukanda unaofanana. Chini kidogo ya picha kubwa ya watu wanaotabasamu, namba nne zimepangwa mstari mmoja. Msomaji akishusha ukurasa hadi hapo, namba zinaanza mbio kutoka sifuri: wanufaika 12,000, miradi 85, mikoa 14, uzoefu wa miaka 20. Zote huanza pamoja na kufika pamoja, utadhani kuna karani nyuma ya pazia anayewahesabu wanufaika mmoja mmoja.

Kwa mwenye bando la kusuasua mambo huwa mengine. Aghalabu kilichoandikwa kwenye ukurasa wenyewe ni sifuri, na namba halisi inasubiri programu ndogo ya JavaScript ishuke ndipo ianze kupanda. Mtandao ukigoma, programu haifiki. Mfadhili anayefungua ukurasa huo akiwa safarini anasoma kwamba shirika lina wanufaika 0+, miradi 0+ na uzoefu wa miaka 0+.

Hicho ni kichekesho tu, na dawa yake ni rahisi: namba ya kweli iandikwe ukurasani tangu mwanzo, mbwembwe zije baadaye kama mtandao utaruhusu. Tatizo kubwa liko kwingine. Namba inayokwenda mbio machoni pa mtu inatoa dai, kwamba kuna jambo linatokea sasa hivi na namba inalifuatilia. Mara nyingi dai hilo si kweli, na linapohusu pesa, linaweza kumgharimu mtu.

Mashine za zamani hazikuwa na ujanja huo. Pampu ya mafuta ilizungusha magurudumu yake ya namba kwa sababu mafuta yalikuwa yakipita kwenye mita. Yakikatika, namba inasimama. Kampuni ya Solari ya Udine, Italia, ilipotengeneza mbao za ratiba zenye vibao vinavyopinduka, ambazo stesheni ya Liège nchini Ubelgiji ilianza kuzitumia mwaka 1956, ule mlio wa vibao uliwafanya abiria wainue vichwa kwa sababu kweli kulikuwa na habari mpya. Mwendo wa namba ulikuwa tokeo la kazi.

Kompyuta ndiyo iliyotenganisha mambo hayo mawili. Tarehe 1 Aprili 2005, Gmail ilipotimiza mwaka mmoja, Google iliwaongezea watumiaji nafasi ya kuhifadhi barua na kuweka kwenye ukurasa wa kuingilia namba iliyokuwa ikipanda bila kukoma, megabaiti kwa desimali zake. Waliokuwa wakitumia kompyuta za intaneti kafe enzi hizo wataikumbuka. Ilipendeza, na ujumbe wake ulieleweka papo hapo: hapa nafasi haiishi. Lakini kihesabio kile hakikuwa kikipima chochote. Ukurasa ulibeba orodha fupi ya tarehe na kiasi cha nafasi kilichopangwa kwa kila tarehe, kisha programu ikatazama saa ya kompyuta ya mtumiaji na kukokotoa namba iliyo katikati.

Saa ya Deni la Taifa jijini New York inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Mfanyabiashara wa majengo Seymour Durst aliisimika mwaka 1989, karibu na Times Square, ili Wamarekani waone serikali yao inavyokopa. Tarakimu za mwisho zinakwenda kasi hata jicho halizikamati. Hazina ya Marekani haitangazi deni kila sekunde. Ubao unachukua takwimu zilizotolewa na kujaza mwanya kwa makadirio. Mwaka 2000 deni lilipoanza kupungua, ubao ukazimwa na kufunikwa, ukarejea mwaka 2002 deni lilipopanda tena. Mtambo ule wa mwanzo ulikuwa umejengwa kwa ajili ya kupanda tu. Uliokuja baadaye ndio uliopewa uwezo wa kurudi nyuma. Mwaka 2008 deni likavuka dola trilioni 10, nafasi za tarakimu zikaisha, na alama ya dola ikabidi iondolewe kwenye kisanduku chake ili namba ipate pa kukaa.

Makadirio ya namna hiyo yanaweza kutetewa. Deni kweli linakua, na kasi yake inajulikana. Ugumu unaanza pale mwendo unapobuniwa kabisa. Usiku wa uchaguzi wa Marekani, tarehe 8 Novemba 2016, gazeti la New York Times liliweka mtandaoni mshale wa kuonyesha nani ana nafasi kubwa ya kushinda. Mshale ukawa unatetemeka kushoto na kulia, na wasomaji roho zikawatoka wakidhani kila mtikisiko ni kura mpya. Waliochungulia msimbo wakagundua kwamba mtetemo ule ulizalishwa kwa bahati nasibu. Wabunifu wakaeleza kuwa walitaka kuonyesha jinsi makadirio yasivyo na uhakika. Nia yao ilikuwa njema, pengine hata ya kisomi. Hata hivyo mtu anayesubiri matokeo haangalii mshale kama mwanatakwimu, na gazeti lilipaswa kulijua hilo kabla ya usiku ule.

Sasa ichukuliwe programu ya benki au ya pesa za simu. Mteja anafungua salio lake la shilingi 45,000, na namba inaanzia sifuri ikipanda kwa madaha kwa sekunde mbili. Skrini ya simu ya kawaida hujichora upya mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo katika sekunde hizo mbili kioo kinaweza kuonyesha picha 120, na ya kweli ni ile ya mwisho tu. Mteja ameombwa atazame masalio ya watu wasiokuwepo kabla hajaruhusiwa kuliona lake. Akiwa amesimama mbele ya kaunta ya duka, simu mkononi na foleni nyuma yake, madaha hayo hayana msaada wowote. Ujumbe wa M-Pesa, uliozoeleka Kenya tangu 2007, unakuja ukiwa umetulia: namba ya muamala, kiasi, jina, saa na salio jipya. Muuzaji anausoma, anakabidhi sukari. Matapeli wanaughushi, ni kweli, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Si kwamba namba zote zikae kama zimegandishwa. Salio linaposhuka kutoka 45,000 hadi 38,500 baada ya kununua umeme, mwendo mfupi wa robo sekunde unamwonyesha mteja ni wapi pamebadilika na kuelekea wapi. Namba imetoka kwenye ukweli mmoja kwenda kwenye ukweli mwingine, na jicho limesaidiwa kuifuata. Apple iliwarahisishia watengenezaji programu kazi hiyo kwenye mfumo wake wa simu, iOS 16, mwaka 2022: tarakimu zinazobadilika ndizo zinazosogea, zilizobaki zinatulia.

Fundi mzuri anajulikana kwenye mambo madogo. Katika aina nyingi za herufi, 1 ni nyembamba kuliko 8, hivyo namba inapobadilika haraka mstari mzima unachezacheza kulia na kushoto. Herufi nyingi za kisasa zina seti ya tarakimu zenye upana sawa, na kuiwasha ni suala la mstari mmoja wa msimbo. Inashangaza ni programu ngapi za fedha hazijauandika.

Kuna pia wasioona. Anayetumia kisoma skrini anaweza kulazimika kusikia msururu wa namba zisizo na maana, elfu moja na mia mbili, elfu tatu na mia tisa, kabla ya kufika kwenye salio lake, kama mtengenezaji ameacha kila badiliko litangazwe. Wengine mwendo kwenye skrini huwapa kizunguzungu. Apple ilipotoa iOS 7 mwaka 2013 malalamiko ya kichefuchefu yalikuwa mengi, na leo simu zina mpangilio wa kupunguza miondoko. Vivinjari vinaweza kuiambia tovuti kwamba mtumiaji ameuwasha. Tovuti nyingi zinaambiwa na hazisikii.

Lakini hakuna mahali namba inayopaa inafanya kazi nzito kuliko kwenye Aviator, mchezo wa kamari wa kampuni ya Spribe ya Georgia uliotoka mwaka 2019 na kutapakaa kwenye simu za vijana wa Kenya na Tanzania. Ndege nyekundu inaruka na kizidisho kinapanda: 1.00x, 1.20x, 1.85x. Kinaanza taratibu kisha kinashika kasi, kwa hiyo kila sekunde ya kuvumilia inaonekana kulipa zaidi ya iliyotangulia. Anayebonyeza kutoa hela kabla ndege haijatoweka anazidishiwa dau lake. Anayechelewa anapoteza lote.

Kidole kikiwa juu ya kitufe, mchezaji anaamini anashindana na kitu kinachoamuliwa mbele ya macho yake. Sivyo. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, kikomo cha kila raundi kinatokana na namba ya siri iliyoandaliwa na seva, ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Raundi ikianza, kikomo kimeshapatikana. Ndege ikipaa hadi 1.30x au 30x, safari yote ni uhuishaji wa jibu lililokwisha kujulikana na mashine. Kampuni inautumia utaratibu huo kuthibitisha kwamba haibadilishi matokeo katikati, na hoja hiyo ni ya haki. Ila huyo aliyekodoa macho saa saba ya usiku, akisema itafika 5x, anacheza na sinema.

Aprili 2025, wadhibiti wa Kenya walisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Amri hiyo iligusa redio, televisheni na mabango. Namba ndani ya mchezo iliendelea kupaa kama kawaida. Wadhibiti hao, pamoja na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, wangeweza kuanza na sharti dogo ambalo halimzuii mtu mzima kucheza: kabla ndege haijaruka, kioo kimwambie kwa Kiswahili kwamba matokeo ya raundi hii tayari yamepangwa na mashine, kwa maandishi makubwa kama yale ya kitufe cha kuwekea dau.