Nyama ya Wageni na Nyama ya Watoto



Watu wa pwani wana ufundi wao wa kupika kaa. Humchemsha, wakamvunja gamba na kuchambua minofu, kisha wakaichanganya na yai na viazi vilivyopondwa, wakaikaanga iwe katlesi. Huko Dabaso, kando ya hori ya bahari iitwayo Mida, karibu na Watamu, kikundi cha wenyeji hunenepesha kaa wa mikoko na kuuza sambusa za nyama yake. Sisi wa Banissa bahari hatuioni, na wengi wetu kwa dini na desturi hatumli kaa kabisa. Hata hivyo ufundi ule unatufaa, nasi tunakosea kuuacha.

Neno langu ni hili. Mbuzi akichinjwa nyumbani, nyama hugawanywa kwa vyeo. Minofu huenda kwa baba na wageni, mifupa kwa mama, na mtoto mdogo hupewa mchuzi. Watu hudhani nguvu yote ya nyama imo katika mchuzi. Sivyo, sehemu kubwa imebaki katika nyama yenyewe. Tena mtoto wa mwaka mmoja, hata akipewa kipande, hawezi kukitafuna, hasa mnyama akiwa amekondeshwa na ukame. Tuliyaona hayo mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 mpaka mwisho wa 2022. Ng'ombe walikufa wengi, na waliowahi kuchinjwa nyama yao ilikuwa kama kamba.

Basi chukua nusu kilo ya nyama ya mbuzi au ngamia, uichemshe mpaka ilainike, kisha uitwange katika kinu. Chukua vikombe viwili vya kunde zilizoiva sana, uziponde. Changanya pamoja, utie kitunguu, chumvi, bizari na yai moja. (Mayai tunayauza yote sokoni, hili moja na libaki nyumbani.) Finyanga madonge, uyabonyeze yawe bapa, unene wa kidole, uyagaragaze katika unga wa mahindi, ukaange kwa mafuta kidogo upande huu na upande huu. Mara ya kwanza mimi sikuzichuja kunde sawasawa, zikageuka uji karaini, na mke wangu akacheka sana. Kunde lazima ziwe kavu.

Faida nyingine hatuioni kwa macho. Kunde zina madini ya chuma, ambayo mwili huyahitaji kwa kutengeneza damu, lakini hayaingii mwilini kwa wepesi. Zikiliwa pamoja na nyama, hata kidogo, huingia zaidi.

Tena katlesi huhesabika. Zikitoka ishirini, na nyumbani mko kumi, kila mtu zake mbili, na mtoto amepata. Najua wazee wengine watanuna, waseme mgeni hapewi nyama iliyotwangwa kama ya kibogoyo. Nawajibu kwa heshima: mgeni apewe mbavu zake, lakini ile nusu kilo ya watoto itengwe kwanza, kabla chungu hakijapakuliwa.

Mwenye nyirinyiri ana kazi nyepesi zaidi. Ile imekwisha kukatwa, kukaushwa na kukaangwa. Aichuje mafuta na kuitwanga tu, na mafuta yale yale ayakaangie. Chumvi aionje kwanza.