Mashindano Yasiyo na Refa



Juma hili tunapoianza safari ya Majilio, naomba niwapeleke mbali kidogo na pwani yetu, hadi Dún Laoghaire, bandari iliyo kusini mwa jiji la Dublin nchini Ireland, ambako niliishi kwa muda nilipokuwa masomoni. Ninyi mnayajua mashindano ya ngalawa: jua kali, upepo wa kusi, watoto wakishangilia ufukweni. Sasa fikirini jambo hilo hilo likifanyika mwezi wa Desemba katika nchi ambayo jua huchomoza saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na dakika chache jioni, maji ya bahari yakiwa na nyuzi 10 hivi za Selsiasi, na upepo ukikata masikio. Watu wenye akili timamu huacha moto nyumbani, wakaenda kushindana kwa matanga. Siku ya kwanza nilidhani ni wazimu. Leo naandika kuwatetea.

Desturi hii si ngeni. Katika ghuba ya Manhasset, karibu na New York, mabaharia walianza kushindana kwa mashua ndogo majira ya baridi mwanzoni mwa mwaka 1932, na mchezo huo ukaenea. Huko Dún Laoghaire mashua ndogo hushindania ndani ya bandari yenyewe, katikati ya magati mawili marefu ya mawe yaliyoanza kujengwa mwaka 1817. Hakuna fedha za kugombea. Wakubwa kwa wadogo hushindana pamoja, na muda wa kila chombo hukokotolewa kwa kadiri ya aina yake, hata mashua kuukuu ya futi 14 iweze kuishinda mpya iliyoitangulia.

Lakini baridi ile si ya mzaha. Mtu akitumbukia katika maji ya namna hiyo, kwanza hupwita pumzi asiweze kujizuia. Akivuta maji badala ya hewa, habari yake imekwisha. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amewafundisha watu kulikumbuka jambo hili kwa namba tatu: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado hutii, na saa 1 hivi kabla ya baridi kumpotezea mtu fahamu. Ndiyo maana hakuna aingiaye majini bila jaketi okozi, mashua za uokozi huwa karibu muda wote, na hakuna aendaye peke yake. Mhubiri katika Agano la Kale alikwisha kutuambia kwamba wawili ni afadhali kuliko mmoja, kwa maana mmoja akianguka mwenzake atamwinua. Katika maji yale maneno hayo si mapambo ya hotuba.

Mwalimu mmoja mstaafu, muumini wa parokia niliyokuwa nikisaidia, alinichukua kuwa baharia wake. Dominika moja tulikuwa tukibisha kuelekea boya la upande wa upepo, yeye akiwa usukanini nami nikishika kamba ya tanga la mbele kwa vidole nisivyovihisi tena. Tulikuwa wa tatu. Tulipolizunguka boya, tezi ya mashua ikaligusa kidogo tu, kama mtu apitaye mlangoni akagusa pazia. Sheria ya mchezo huu duniani kote ni kwamba aliyeligusa boya sharti ajitenge na wengine mara moja, kisha azungushe chombo chake mzunguko mmoja kamili. Aliyemkosea mwenzake kwa kuvunja haki ya njia huzunguka mara mbili. Na katika mashindano ya klabu hakuna refa afuataye kila mashua kwa filimbi. Baharia mwenyewe ndiye mtazamaji wa kosa lake.

Nami, padre, niliyesoma falsafa na teolojia na kuungamisha mamia ya watu, nikasema, “Twende tu, hakuna aliyetuona.”

Mzee yule hakunikemea. Alisukuma usukani huku akisema, “Padre, sisi wawili tumeona.” Mashua ikazunguka, tanga likavuka upande huu na kurudi upande ule, na mashua mbili zikatupita. Tulimaliza wa tano. Baadaye, tulipokuwa tukinywa supu ya moto ndani ya klabu, hakuna aliyemsifu wala aliyelitaja jambo hilo. Kwao lilikuwa jambo la kawaida. Mimi tu ndiye niliyeshindwa kuimeza supu vizuri.

Ndugu zangu, nimelibeba neno lile miaka mingi. Maoni yangu ni haya: sisi Wakristo tumezoea mno kuishi kwa macho ya refa. Tunataka mweka hazina akaguliwe, katibu achunguzwe, paroko aulizwe, na hayo yote ni haki, wala siyapingi. Lakini tukiongeza walinzi bila kuilea dhamiri, tutahitaji mlinzi wa mlinzi, na hatutafika mwisho. Daftari la michango ya jumuiya likionyesha pungufu, huanza minong'ono ya kumtafuta mwizi. Ni nadra kumsikia mtu akisimama na kusema, “Ni mimi. Nilizitumia kwa shida ya nyumbani, nami nitazirudisha kidogo kidogo.” Kwa nini ni nadra? Kwa sababu tumewafanya watu waamini kwamba kukiri ndiyo aibu, na kufichika ndiyo ushindi.

Mabaharia wale wamelielewa jambo ambalo sisi tunalihubiri tu. Azungukaye mara moja hupoteza nafasi moja au mbili, kisha huendelea na safari akiwa huru. Afichaye, akishtakiwa na kuthibitika mbele ya baraza la mchezo, huondolewa katika shindano zima. Kosa dogo lililofichwa huwa deni kubwa. Mume aliyesema uongo wa siku moja hulazimika kusema mwingine kesho ili kuufunika ule wa jana, na mwaka ukiisha amejenga nyumba nzima ya uongo, naye anaishi humo peke yake.

Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Baharia hulipa kosa kwa mzunguko wake mwenyewe. Katika Sakramenti ya Kitubio, sisi hatununui msamaha kwa malipizi; Kristo amekwisha kulipa pale Msalabani. Malipizi tunayopewa ni dawa ya kuponya jeraha na kurekebisha tulichoharibu. Ndiyo maana aliyeiba huungama na kurudisha pia.

Najua wapo watakaosema, “Padre, hao ni matajiri wanaochezea upepo, nasi twatafuta unga.” Ni kweli kwamba mchezo huo una gharama, ingawa wengi huchangia mashua moja. Lakini uaminifu hauna gharama ya tanga. Wengine watauliza: je, hao hawaivunji Dominika? Swali hili ni zito. Mzee wangu alihudhuria Misa ya Jumamosi jioni, ambayo kwa Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1248, hutimiza wajibu wa Dominika. Na Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake Dies Domini ya mwaka 1998, alifundisha kwamba siku ya Bwana ni siku ya Kristo na ya Kanisa, na pia ni siku ya mwanadamu, ya furaha na pumziko. Anayeiacha Misa kwa ajili ya mchezo amepotea njia, na nawaambia hivyo vijana wetu wa mpira waziwazi. Lakini anayetoka Misani akaenda kucheza na rafiki zake kwa uaminifu hajamwibia Mungu kitu.

Lipo jambo la mwisho. Kanuni ya kwanza kabisa katika kitabu cha sheria za mashindano ya matanga haihusu ushindi. Huamuru kumsaidia kwa kila njia mtu yeyote au chombo chochote kilicho hatarini. Tarehe 24 Septemba 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Mkanada Lawrence Lemieux alikuwa wa pili katika shindano lake huko Pusan, upepo ukivuma kwa nguvu, alipowaona mabaharia wawili wa Singapore wakiwa taabani majini. Aliiacha njia ya ushindi, akawaokoa, akawakabidhi kwa waokoaji, ndipo akaendelea. Waamuzi walimrudishia nafasi ile ya pili, na Rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, Juan Antonio Samaranch, akamtunukia nishani ya Pierre de Coubertin. Lakini alipogeuza usukani wake hakujua kama atarudishiwa chochote. Msamaria mwema naye hakujua.

Basi katika Majilio haya nawaomba mambo mawili. La kwanza, kila mmoja aufanye mzunguko wake kabla hajaulizwa: aliyechukua arudishe, aliyesingizia akasafishe jina la mwenzake, na foleni ya kitubio isingoje mkesha wa Noeli. Mimi mwenyewe nitatangulia. Padre naye ana muungamishi wake. La pili, katika kila jumuiya tazameni nyuma. Yupo mama aliyekuwa nasi mwaka jana, ambaye haonekani tena tangu alipofiwa. Yupo kijana aliyekosa ada, akaona aibu kuja kwaya. Sisi tumesonga mbele na ratiba zetu, naye yumo majini. Na wenye kumbukumbu ya zile namba tatu wanajua kwamba aliyetumbukia hana muda mrefu.

Ukimwona, usiseme hakuna aliyekuona. Wewe umemwona, naye Mungu amewaona ninyi wawili.

Nawatakieni nyote Majilio mema na Dominika njema. Bwana awe nanyi.