Kirukia Kiko Juu ya Mwembe

Kwa Waziri wa Kilimo, Serikali ya Kaunti ya Isiolo

Mheshimiwa,

Kiangazi kikikolea, mwembe wenye kirukia huwa na tawi moja linalodanganya macho. Majani ya mti yamefifia, lakini pale pamestawi kijani kibichi, pengine na maua mekundu. Mpita njia hulisifu. Mkulima akisogea huona majani yale si ya mwembe, na yanapoanzia tawi limevimba kama goti la mgonjwa.

Kirukia ni mmea usiogusa ardhi. Ndege hula tunda lake, na mbegu inayonata kama ulimbo hubaki juu ya tawi, ikaota na kupenyeza mzizi ndani ya mti. Chakula hujitengenezea kwa jua, ila maji hufyonza ya mwenyeji, na huendelea kuyatumia hata mti unapoanza kujinyima. Isiolo imepitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba, kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022. Anayemwagilia miti yake Kinna au Rapsu hana maji ya kumgawia mgeni huyo.

Dawa ni msumeno, wala sumu haihitajiki. Kupukusa majani ni kazi bure, kwani mzizi uliobaki ndani huchipua tena. Tawi likatwe takriban sentimita 30 kutoka kwenye uvimbe kuelekea shina, kabla matunda ya kirukia hayajaiva. Majani wapewe mbuzi. Kwenye migunga ya porini kiachwe, maana huko ndege aitwaye chozi hunywa asali ya maua yake.

Shida ni ndege: hajui mpaka wa shamba. Mmoja akikata na jirani asikate, mbegu zitarudi. Ndiyo maana barua hii imeandikwa kwako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti udhibiti wa magonjwa ya mimea.

Tena kuna hatari nyingine: mmea wa nyuzi za manjano zisizo na majani, kama tambi, ambao umeshaenea sehemu kadhaa za Kenya. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walionya kwamba unaweza kushambulia hata mwembe, mkahawa na mchai. Kipande kilichokatika huishi tena kikipata mti, kwa hiyo nao uangaliwe wakati wa kukata kirukia.

Mheshimiwa, watume maafisa wa ugani wakiwa na misumeno ya mpini mrefu, na utangaze wiki moja ya majirani kukata pamoja, kabla matunda ya kirukia hayajaiva.