UMEME UBEBE DAWA UFIPA

Mwananchi wa Muze au Mtowisa, kule chini katika bonde la Ziwa Rukwa, akiugua, uzima wake hutegemea mambo mawili: dawa iwepo, na gari la kuileta liwepo. Gari lisilo na mafuta ni chuma tu. Kwa hiyo swali la nguvu itakayoendesha magari ya Serikali si la wataalamu peke yao, wala si la anasa za miji mikubwa. Ni swali la mkulima wa mahindi wa Ufipa, la mvuvi wa Kirando, na la mfanyakazi ambaye kodi yake ndiyo inunuayo mafuta hayo.

Nchi yetu huagiza kutoka nje mafuta yote ya magari. Yakisha kushushwa Dar es Salaam, husafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Sumbawanga, na lori liyachukualo huchoma dizeli njia nzima. Gharama hiyo huingizwa katika bei ambazo EWURA hutangaza kila mwezi, na ndiyo maana miji ya mbali hulipa zaidi kuliko Dar es Salaam. Maana yake ni wazi: shilingi ile ile ya halmashauri hununua safari chache zaidi Rukwa kuliko pwani. Tena tusisahau mwaka 2022, bei zilipopanda duniani kwa sababu ya vita vya Ukraine, hata Serikali ikalazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. Vita vya mbali viliingia mfukoni mwa Mfipa asiyejua vilianzia wapi.

Umeme, kinyume chake, twauzalisha wenyewe. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma. Ikiwa umeme wavuta treni nzima, hauwezi kushindwa na gari la barua au la dawa. Jirani zetu nao hawakulala. Uganda, kwa kampuni yake ya Kiira, imeunda mabasi ya umeme. Na Ethiopia mwaka 2024 ilikataza kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli.

Twaunga mkono mabadiliko haya. Lakini kuunga mkono si kufumba macho. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa katika gridi ya taifa. Ilitumia umeme ulionunuliwa Zambia, pamoja na majenereta ya dizeli. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya Kariba, wananchi wa Zambia wenyewe walikaa gizani saa nyingi kila siku. Ategemeaye kisima cha jirani hunywa jirani akisha kushiba. Tena gari la umeme lililochajiwa kwa jenereta ya dizeli ni gari la dizeli lililovaa kanzu nyeupe. Kwa sababu hiyo njia ya umeme ya kilovolti 400, itokayo Iringa kupitia Mbeya na Tunduma, na iliyokusudiwa kuiunganisha Sumbawanga na gridi, ndiyo msingi wa jambo lote. Nguzo kwanza, magari baadaye.

Umeme wa kutegemewa ukiwapo, tuanze na safari zilizo rahisi. Gari dogo la mizigo la umeme hutumia uniti 20 hadi 25 kwa kilomita 100. Soketi ya kawaida ya kilowati 2 hulipa uniti 20 kwa saa kumi za usiku, gari likiwa limelala katika yadi ya ofisi. Basi magari ya mjini Sumbawanga, na yale ya barabara ya lami kwenda Matai na kurudi siku hiyo hiyo, yaweza kuanza bila vituo vikubwa vya kuchajia. Pikipiki za maofisa ugani na wahudumu wa afya zifuate.

Bonde ni jambo jingine. Kutoka uwanda wa Ufipa, ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hadi Ziwa Rukwa, ni mteremko wa mita 1,000 hivi. Gari la tani 2 likiteremka, mota yake hugeuka kuwa breki na kurudisha katika betri sehemu ya uniti tano hivi zilizomo katika mteremko huo. Lakini kupanda kwataka uniti hizo zote, na zaidi. Tena masika huja na matope. Kwa hiyo magari ya dizeli ya bondeni yasiondolewe hata siku moja kabla mapya hayajapimwa njia ile ile, yakiwa na mzigo ule ule, katika mvua ile ile. Zahanati isigeuzwe kuwa mahali pa majaribio.

Wako mafundi na madereva wanaoogopa kwamba gari lisilo na injini halitawahitaji. Hofu yao ina haki ya kujibiwa. Gari la umeme lina breki, matairi, springi na nyaya, na betri yake yaweza kuua mtu asiyefundishwa. Mafundi wa karakana za TEMESA na vijana wa VETA wafundishwe kabla magari hayajafika, si baada ya gari la kwanza kuharibika na kuegeshwa chini ya mti. Na mikataba ya ununuzi itaje vipuri, dhamana ya betri, na nani atakayeichukua betri iliyokufa.

Mwisho, twasema hili kwa viongozi. Fedha itakayookolewa katika mafuta isiyeyuke katika posho na misafara. Ihesabiwe hadharani, halmashauri kwa halmashauri, na irudi katika dawa. Mwananchi wa Mtowisa hatauliza kama gari limekuja kwa dizeli au kwa umeme. Atauliza limeleta nini. Siku atakapopata jibu jema kwa gharama ndogo zaidi, ndipo tutakapojua kwamba mabadiliko haya yalikuwa yake.