Usukani Mlegevu wa Land Rover Kuukuu

Mwenye Land Rover ya zamani aghalabu hautambui ubaya wa usukani wake mpaka siku atakapoendesha gari la mwenziwe. Ubaya huo huja kidogo kidogo, na mikono huuzoea. Mwaka huu usukani huzungushwa kwa upana wa kidole kimoja kabla gari halijaitika. Mwaka wa pili ni vidole vitatu, naye mwenye gari husema kwamba ndiyo tabia ya magari hayo. Kisha siku moja huteremka mlima wenye makorongo, amepakia mitungi ya maziwa na watu watatu, na basi laja mbele yake. Hapo vile vidole vitatu ndivyo vitakavyoamua kama gari litabaki barabarani au litaingia mtaroni.

Ni kweli kwamba gari hili halikupewa usukani mwepesi kama wa motokaa za mjini. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na zile ziitwazo Series ziliundwa mpaka mwaka 1985. Katika miaka hiyo yote mpango wa usukani wake haukubadilika sana. Nguzo ya usukani huingia katika sanduku la chuma lenye mafuta. Sanduku hilo huusogeza mkono wa chuma, na mkono huusukuma ufito mrefu uendao mbele mpaka kwenye rilei, yaani mhimili uliosimama ndani ya boriti ya mbele ya fremu. Chini ya rilei kuna mkono mwingine unaouvuta ufito wa pili mpaka kwenye gurudumu moja, na ufito wa tatu huliunganisha gurudumu hilo na mwenziwe. Fito ni tatu, na kila ufito una kiungo cha gololi kila upande. Basi viungo ni sita. Yaongezwe hapo sanduku, rilei, na kingpini za magurudumu mawili.

Kila mahali pakilegea kwa unene wa ukucha tu, dereva huipokea mikononi jumla ya malegeo yote. Hili ndilo jambo ambalo wengi hawalifikiri. Hutafuta mkosaji mmoja, na aghalabu hulishitaki sanduku, kwa kuwa liko karibu na lina skrubu ya kukazia ubavuni. Fundi mwenye haraka huikaza skrubu hiyo, hulipwa, huenda zake. Baada ya siku chache mwenye gari huona kwamba usukani umekuwa mgumu pale katikati, haurudi wenyewe baada ya kona, na yale malegeo bado yapo, maana yalikuwa kwingine. Tena meno ya sandukuni yanaanza kulika. Skrubu ile ina kazi yake, lakini hukazwa magurudumu yakiwa yameelekea mbele sawasawa, tena hukazwa mpaka malegeo ya sanduku lenyewe yaishe, wala si zaidi.

Uchunguzi wenyewe hauna gharama. Wanahitajika watu wawili na nusu saa. Gari lisimame penye usawa, injini imezimwa, breki ya mkono imefungwa na magurudumu yamezuiwa kwa vipande vya mti. Mmoja akae kitini autikise usukani kidogo kushoto na kulia. Wa pili alale chini na kuweka kidole juu ya kila kiungo, akianzia sandukuni na kuufuata mwendo mpaka magurudumuni. Palipo na upande mmoja unaotangulia na mwingine unaochelewa, ndipo penye ugonjwa. Kiungo cha gololi kilicholegea hakirekebishiki. Hutupwa kikatiwa kingine. Na kile ambacho mpira wake umepasuka hakina siku nyingi, kwani vumbi na matope vimekwisha kuingia. Huyo aliye chini azitazame pia bolti za U zinazoifunga ekseli kwenye springi, pamoja na bushi za springi. Zikilegea, ekseli yenyewe husogea chini ya gari, na dereva hudhani kwamba ni usukani.

Kisha gurudumu la mbele liinuliwe kwa jeki, na gari likalishwe juu ya stendi imara, si juu ya mawe. Gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe. Likicheza, yule mwenziwe akanyage breki. Mchezo ukikoma, kosa ni la beringi za gurudumu. Ukibaki, kosa ni la kingpini. Hila hii ndogo imewaokoa watu wengi wasinunue kifaa wasichokihitaji.

Kingpini hazipendi kuwa huru. Katika Series II na III pini ya juu hukaa ndani ya bushi ngumu, nayo imekusudiwa kubana kidogo ili gurudumu lisitikisike lenyewe. Bushi ikiisha, gari hukanyaga shimo likiwa mbioni, na mara magurudumu ya mbele huanza kutetemeka kwa nguvu kiasi cha kumpokonya dereva usukani. Mtetemeko haukomi mpaka gari lipunguze mwendo sana. Wengi hukimbilia kufunga shoki ya usukani. Shoki hutuliza mtetemeko, lakini huwa kama kumpa mgonjwa wa jino dawa ya usingizi: jino liko pale pale. Dawa yake ni bushi mpya, ikiwa ya zamani imelika, na kupunguza vile vibati vyembamba vilivyo chini ya pini ya juu mpaka mbano urudi kadiri kitabu cha gari kinavyoagiza.

Uko na ugonjwa wa pili, kinyume cha huo, nao ni ugumu. Usukani huzunguka kwa taabu na haurudi baada ya kona. Aghalabu chanzo chake ni rilei iliyokauka. Rilei hutiwa mafuta kama sanduku, lakini kwa kuwa imefichika ndani ya boriti, husahauliwa kwa miaka mingi. Ili kuijua, fito zifunguliwe kwenye mikono yake, kisha izungushwe peke yake. Itazunguka kwa uzito kidogo, maana ndani mna bushi zinazosukumwa na springi ili zizuie mshtuko wa barabara. Lakini isikwame wala isikwaruze. Basi hapa pana onyo. Springi hiyo imebanwa kwa nguvu nyingi mno. Mtu aifunguaye rilei bila kujua huweza kurushiwa vyuma usoni. Heri kununua nyingine nzima, au kumpelekea fundi aliyekwisha kuifanya kazi hiyo na anayeifunga kwa vibano na gunia kabla ya kuitoa.

Kinabaki kipimo cha magurudumu. Mbele yakaribiane kuliko nyuma kwa milimita 1.2 mpaka 2.4, basi. Hupimwa kati ya kingo za rimu, kwa kimo cha kitovu cha gurudumu, na hurekebishwa kwa kulegeza vibano vya ufito wa tatu na kuuzungusha. Mwenye gari aliyebadili springi au kuongeza urefu wa vishikio vyake ili gari liwe juu ajue kwamba huenda ameharibu mlalo wa kingpini, ambao kiwandani ulikuwa digrii 3. Mlalo huo ndio unaolirudisha gurudumu mbele, kama uma wa baiskeli ulivyolala. Vivyo hivyo, mipira mipana huupendeza uso wa gari na kuichosha mikono ya dereva. Upepo pungufu hufanya hivyo hivyo; katika gari fupi lenye mipira ya kawaida, ratili 25 kwa kila inchi ya mraba zatosha mbele. Hili la upepo lipimwe kwanza kabla ya mengine yote, kwa kuwa ni la bure.

Kazi ikiisha, gari liendeshwe bila mzigo, katika barabara isiyo na watu, polepole kwanza. Dereva aache usukani ujirudi wenyewe baada ya kona, kisha apite mahali penye mawimbi ya vumbi na kusikiliza. Na baada ya juma moja alale tena chini ya gari na spana mkononi, akague kila kibano na kila pini ya nati, kwani vyuma vipya hukaa sawa baada ya kutembea, na nati iliyokazwa vema siku ya Jumatatu huweza kuwa imelegea Jumapili.