Pumzi Haingoji Nauli

Ndugu wafanyi kazi,

Kila mmoja wetu anamjua mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi na moshi, na leo hawezi kutoka nyumbani mpaka barabarani bila kusimama mara tatu kuhema. Watu humwambia, "Pumzika tu, baba." Maneno hayo ni ya huruma, lakini yamdhuru. Mwenye mapafu mabovu akikaa tu kitini, miguu hulegea na pumzi humpungukia zaidi.

Yako mazoezi ya kumsaidia: kutembea kwa kipimo, kuimarisha miguu na mikono, na kujifunza kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye chai moto. Hayaondoi makovu ya mapafu, ila humrudishia mtu nguvu. Kwa kawaida ni mara mbili kila wiki, kwa wiki 8 hivi. Je, mzee wetu atapata wapi nauli ya kwenda hospitali mara 16?

Basi sikieni. Huko Melbourne, Australia, wagonjwa 166 walijaribiwa, na habari zao zikachapishwa mwaka 2017. Wengine walikwenda hospitali. Wengine walitembelewa nyumbani mara 1, kisha wakapigiwa simu mara 7, moja kila wiki. Wiki 8 zilipokwisha, watu wa simu hawakuachwa nyuma. Mwaka 2021 majaribio 15 ya watu 1,904 yalikusanywa: waliofundishwa kwa mbali walimaliza 93 katika kila 100, na waliokwenda wenyewe 70.

Lakini tusidanganyane. Kwanza mgonjwa apimwe na daktari, ijulikane kama ni kifua kikuu au sivyo. Akiumwa kifua anapotembea, aache mara moja. Tena huko Melbourne, baada ya mwaka mmoja faida ilikuwa imepotea pande zote mbili. Kwa hiyo mazoezi haya hayana kustaafu.

Sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa walioumia kazini inahesabu pia maradhi yaletwayo na kazi. Tukikaa mezani na waajiri, tudai kipimo cha kwanza na simu ya kila wiki. Wala mwajiri asitupe simu akatuachia vumbi.

Ndugu, mpelekee katibu wa tawi lako jina la mzee unayemjua. Ada yake ndiyo iliyojenga chama hiki.

Mhariri