Mwacheni Mtoto Aulize Mbona Maji ni ya Baridi

Wapo wanaosema safari ya boti ya mpira isiyo na mawimbi ya kurusha watu si safari, ni matembezi ya wazee. Wakiisikia ile ya mto Colorado kule Arizona wanacheka: familia nzima botini, babu huku, mtoto wa darasa la kwanza kule, wanateremka taratibu ndani ya korongo la Glen. Ni kama kilomita 24, kutoka chini ya bwawa mpaka Lees Ferry, kuta za mwamba mwekundu pande zote. Pale Horseshoe Bend, mto unapojikunja kama kwato ya farasi, ukingo uko kama mita 300 juu ya vichwa vyao.

Mimi nasomea ualimu, na nasema hilo ni darasa. Mtoto anayeng'ang'ania kamba kwa hofu hasikilizi kitu. Hapa anatumbukiza mkono majini na kuuliza: mbona ya baridi hivi, na jua lote hili la jangwani? Swali hilo linashinda andalio langu zima la somo.

Jibu liko nyuma yao. Bwawa la Glen Canyon, kimo chake mita 216, lilianza kuzuia maji mwaka 1963. Maji ya kuendesha mitambo huchotwa chini sana ziwani, ambako joto la jua halifiki. Tope nalo hubaki huko ziwani, ndiyo maana mto ni wa kijani, msafi. Ajabu ni kwamba Colorado, kwa Kihispania, ni kusema una rangi nyekundu! Samaki wa asili, akiwemo yule mwenye nundu mgongoni, walizoea tope na joto la kiangazi. Siku hizi wanaotamba pale ni trauti, wageni walioletwa.

Haki isemwe, hata zamani Glen haikuwa na maporomoko makubwa. Lakini theluji ya milimani ilipoyeyuka, mto ulifurika. Sasa kiasi cha maji kinapangwa na watu wa bwawa. Na ile michoro ya mababu wa Wapueblo, ambayo familia hushuka kuitazama mwambani, mingine mingi iko juu ya bwawa, imezama ziwani. Kwa hiyo mwongozaji akiishia kusema "tazameni uzuri wa asili", kawapa watoto nusu ya habari.

Sisemi bwawa livunjwe. Umeme kila mtu anautaka, mimi wa kwanza. Nasema tu kwamba sisi wa TP tuna tabia hiyohiyo, tena bila hata boti. Mada ya mabwawa ikifika: faida tano ubaoni, hasara tano, nakilini, kesho jaribio. Sasa Rufiji ina Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, na shule zitataka kwenda kuona mitambo. Ziende. Ila Rufiji ina delta yenye mikoko, ina wakulima wa mpunga waliozoea kulima kwa kufuata mafuriko. Wanafunzi wafike na huko, wamuulize mkulima maji yanakujaje siku hizi, waandike anachosema, hata kama hakiingii kwenye zile tano. Nauli ya kushuka mpaka Kibiti tutabishana na mkuu wa shule.